Jinsi ya kumpima punda kijana kabla ya mashindano ya Lamu

Mfungo Sita ukiingia na wageni wa Maulidi wakaanza kuteremka jeti ya Lamu, mazungumzo ya barazani huhamia kwa punda: nani ataingizwa mwaka huu, nani atampanda, nani amepumzishwa. Mazungumzo hayo hurudi tena karibu na tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida huangukia Novemba. Punda wakongwe wa mashindano hawasumbui, kwani kila mtu kuanzia Mkomani hadi Langoni amewaona wakikimbia. Kazi iko kwa punda wa miaka minne au mitano aliyekimbia mara moja au mbili, au ambaye hajawahi kusimama kwenye mstari. Haya ni maelekezo ya kumpima huyo. Yatamfaa mwenye punda anayeamua amwingize sasa au asubiri mwaka ujao, kijana anayechagua wa kumpanda, na kamati ya mtaa inayotaka kupanga mbio zenye haki. Kamari haimo.

Kabla ya yote, fahamu kwamba nafasi aliyomaliza punda kijana ndiyo habari dhaifu kuliko zote ulizo nazo juu yake. Wa kwanza huenda alishinda kwa sababu wenzake watatu waligoma kuondoka. Wa sita huenda alikata kona akaingia kichochoro cha kwao, akarudishwa, kisha akawapita watano waliokuwa mbele. Kwa punda aliyekimbia mara kumi, mambo kama hayo husawazishana. Kwa aliyekimbia mara moja hayasawazishani na chochote, kwa hiyo ni lazima uyachambue moja moja.

Umri husomwa mdomoni

Usitegemee umri unaoambiwa. Wengi huhesabu kwa Maulidi yaliyopita na hukosea mwaka mzima. Mshike punda hatamu, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, utazame meno ya mbele, sita juu na sita chini. Meno ya utotoni ni madogo na meupe, nayo yamebanwa kama shingo pale yanapoingia kwenye ufizi. Ya ukubwani ni mapana, ya rangi ya manjano kidogo, na yana mifereji ya kusimama. Jozi ya katikati hubadilika akikaribia miaka miwili na nusu, jozi ya pili mitatu na nusu, na jozi ya pembeni minne na nusu. Meno yote sita yakiwa ya ukubwani na ya juu yakikutana sawasawa na ya chini, amefika mitano.

Chini ya miaka minne asipandwe kwenye mbio, hata awe na umbo la kumpita baba yake. Mifupa ya miguu hukomaa mapema, ila ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho, na hapo ndipo mpandaji anapokaa, bila tandiko. Kuna wanaojibu kwamba farasi wa mbio huanza kushindana akiwa na miaka miwili. Ni kweli, lakini punda hukomaa taratibu kuliko farasi, na farasi hao wachanga nao huumia miguu. Mgongo ulioharibiwa kwa mbio moja ya dakika mbili hautabeba mchanga wala mawe tena kwa maisha yote yaliyobaki, na punda anaweza kuishi na kufanya kazi zaidi ya miaka 20.

Jinsia nayo ina mambo yake. Dume asiyehasiwa akinusa jike mwenye joto husahau mbio, mpandaji na fimbo. Jike huingia joto kila baada ya wiki tatu hadi nne na hukaa nalo karibu wiki nzima. Utamjua kwa kufungua kinywa na kutafuna hewa, masikio yameelekea nyuma. Ukijua tarehe ya joto lake la mwisho, hesabu mbele uone kama siku ya mbio itaangukia humo. Mwenye mimba asishindane. Mimba ya punda huchukua karibu mwaka, na kwa miezi mingi tumbo halionyeshi kitu, kwa hiyo kama jike alichanganyika na madume, mpeleke akapimwe kwanza.

Uzito wake na uzito wa anayempanda

Ukubwa unadanganya macho. Punda mwenye tumbo kubwa huonekana mzito, kumbe ni minyoo na majani makavu. Chukua utepe wa fundi nguo, uzungushe kifuani nyuma kidogo ya viwiko na juu ya pale bega linapoinuka nyuma ya shingo. Usikaze wala usilegeze, soma akimaliza kutoa pumzi. Kwa punda mzima wa kazi, mzingo huo hukupa uzito kwa makadirio haya:

sentimita 100: kilo 91
sentimita 105: kilo 104
sentimita 110: kilo 117
sentimita 115: kilo 132
sentimita 120: kilo 148

Anayetaka kukokotoa mwenyewe, apandishe mzingo kwa kipeo cha 2.65 kisha agawanye kwa 2188. Kikokotoo cha simu hufanya kazi hiyo. Ni makadirio, kwa hiyo usigombane na mtu kwa kilo tano.

Kijana wa kumpanda, pamoja na hatamu na chochote alichoshika, asizidi robo ya uzito wa punda ikiwa punda ni kijana. Theluthi ndiyo kikomo cha punda mzima aliyekomaa mgongo, na hata huyo ataanza kuchoka mapema. Kwa punda wa kilo 132, robo ni kilo 33. Ni kijana mwepesi sana huyo, na hapa ndipo wengi wanapopotea: wanamsifu punda kijana kwa mbio alizoendeshwa na mtoto wa kilo 30, kisha siku ya Maulidi wanampandisha kaka yake wa kilo 48 kwa sababu ana uzoefu. Punda ni yuleyule, lakini mbio zile hazitoki. Kila unapoandika matokeo, andika na uzito wa mpandaji. Mizani ya dukani ya kupimia magunia inatosha.

Miguu, kwato na mgongo

Msimamishe mahali tambarare pagumu. Mtazame mbele, nyuma na ubavuni, kisha mtembeze mita 20 kwenda na 20 kurudi, kwanza hatua za kawaida, halafu matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole. Sikiliza kuliko kutazama. Kwenye sakafu ngumu kwato nne hutoa mapigo yaliyolingana, na pigo moja likiwa jepesi kuliko mengine, mguu huo unauma. Kichwa kikipanda kila mguu mmoja wa mbele unapogusa chini, mwenye tatizo ni mguu huohuo. Punda huficha maumivu vizuri mno, kwa hiyo kidalili kidogo kwake ni jambo kubwa.

Kwato za punda husimama wima kuliko za farasi, usizichongeshe zilale. Zinahitaji kukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Za punda wa Lamu wanaokanyaga mawe siku nzima huliwa zenyewe upande mmoja, na kwato iliyoliwa upande humtegua fundo akikimbia shoti. Kata wiki mbili kabla ya mbio, si siku mbili kabla, ili kama fundi amegusa nyama ipate kupona. Chokonoa katikati ya kwato kwa kijiti butu. Ukitoka ute mweusi wenye harufu mbaya, ni uozo, na atibiwe kwanza.

Kisha pitisha kiganja mgongoni kuanzia bega hadi kiunoni, ukikandamiza taratibu. Akiinamisha mgongo au kupiga mkia, kuna kidonda au kovu la shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni) lililofichwa na manyoya. Punda wa namna hiyo hukimbia vizuri mita mia za kwanza, kisha mpandaji anapoanza kudundadunda, husimama. Watu humwita mkaidi na kumpiga. Ni mgongo.

Kuhusu kasi yenyewe, tazama nyuma kuliko mbele. Mapaja yaliyojaa hadi chini, kiuno kifupi, na bega lililolala kidogo badala ya kusimama wima huashiria hatua ndefu. Akitembea telki, yaani hatua za haraka, angalia alama zake kwenye mchanga mbichi. Ukwato wa nyuma ukikanyaga mbele ya alama ya ukwato wa mbele, ana hatua ya kutosha. Ukiangukia nyuma ya alama, atalazimika kupiga hatua nyingi ili kwenda na wenzake, na pumzi itamwishia. Rangi ya manyoya, urefu wa masikio na unene wa shingo usipoteze muda navyo.

Mama yake ukimjua, mtazame pia, na ndugu zake wa mama mmoja. Baba mara nyingi hajulikani kwa hakika, na hadithi za baba bingwa zisikupe shida.

Kuzisoma mbio chache alizokimbia

Hapa ndipo penye kazi. Kwa kila mbio aliyokimbia, tafuta watu wawili waliokuwapo, mmoja aliyesimama mwanzoni na mmoja aliyesimama mwishoni, uwaulize kila mmoja peke yake. Video za simu ni bora zaidi, nazo siku hizi hazikosekani. Jaza maelezo haya: tarehe, hali ya maji, mchanga au sakafu, urefu, idadi ya punda, mpandaji na uzito wake, alivyoondoka, alivyokwenda katikati, alivyomaliza, na pengo la sekunde kati yake na aliyemtangulia. Pengo lipime kwa sekunde, kwa sababu macho hukosea umbali. Punda anayekwenda mita 6.5 kwa sekunde akiachwa sekunde tatu ameachwa karibu mita 20, na kwa aliyesimama pembeni huonekana kama ameachwa kabisa, ingawa pengo hilo mpandaji bora anaweza kulifuta.

Anza na kuondoka. Punda ni mnyama wa kundi tena wa rafiki. Asiyewahi kushindana hutazama wenzake kwanza wakiondoka ndipo afuate, na hupoteza sekunde mbili hadi tano hapo hapo. Kosa hilo mara nyingi hupungua sana mbio ya pili, kwa sababu ameshaelewa anachotakiwa. Kwa hiyo ukimwona aliyechelewa kuondoka mbio ya kwanza, akakimbia sawa na wengine katikati, na mwisho akawa bado anasogea mbele, mwekee alama. Huyo ana nafasi kubwa ya kuboreka kuliko aliyeshinda kwa kuruka mbele mapema.

Kinyume chake ni aliyeondoka vizuri, akaongoza, kisha akapungua. Uliza alipungua wapi. Kama alipungua kila mbio baada ya umbali uleule, pumzi au mgongo ndio wenye shida. Kama alipungua mahali fulani, pita pale ukaangalie. Kando ya bahari kuna vichochoro vinavyopanda mjini, na punda anayebeba mizigo kila siku anavijua vyote. Hugeuka kwenye kile kinachoelekea kwao, au husimama pale anapozoea kupakuliwa mashua. Huo ni mwenendo unaoweza kufundishwa. Mpitishe njia hiyo kila asubuhi kwa wiki tatu bila kumsimamisha, bila mzigo, na rafiki yake akiwa mbele.

Halafu kelele. Siku ya Maulidi kuna matwari, watu kando zote mbili, na injini za boti. Punda wa shamba la Matondoni au Kipungani aliyeletwa mjini kwa mara ya kwanza hukimbia akiwa ameshtuka, na hofu inaweza kumpa mbio nzuri mara moja tu. Dalili zake ni masikio kulala nyuma mwanzo hadi mwisho, mkia kubanwa, na kwenda upandeupande. Aliyeshinda kwa hofu usimpe sifa kamili mpaka umwone akishinda mara ya pili. Kwa upande mwingine, punda wa mjini aliyefanya vibaya ufukweni Shela huenda hakuwa na tatizo lingine isipokuwa mchanga mkavu uliomzamisha hadi kifundoni, na yeye amezoea sakafu. Usilinganishe muda wa ufukweni na wa mjini hata kidogo; linganisha punda waliokimbia siku moja mahali pamoja.

Kulinganisha kupitia punda wa tatu kunavutia na kunahadaa. Punda wako alimshinda fulani, fulani alimshinda bingwa wa mwaka jana, kwa hiyo wako ni bora kuliko bingwa. Hesabu hiyo haisimami kwa punda vijana. Itumie tu ikiwa mbio zote mbili zilikuwa katika miezi mitatu, kwenye ardhi ya aina moja, na yule wa kati alimaliza zote bila kasoro.

Mwisho, tazama siku zilizopita tangu mbio yake ya karibuni na kazi aliyofanya humo katikati. Aliyepumzika miezi minne huku akila tu ni mnene na hana pumzi. Aliyebeba mawe hadi jana yake ni mchovu. Wanaokuwa tayari ni wale wanaofanya kazi nyepesi hadi siku tatu kabla, kisha hutembezwa tu.

Majaribio ya saa

Punda ambaye hajakimbia hata mara moja hana kingine cha kusomwa ila majaribio. Ufuo wa Shela maji yakiwa yamekupwa ni mahali pazuri, penye mchanga mbichi mgumu na nafasi ya kutosha. Siku za maji ya bamvu, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ufuo huwa mpana zaidi. Angalia jedwali la maji, nenda asubuhi mapema kabla jua halijawa kali.

Chukua kamba ya mita 50, uitandaze mara 12 upate mita 600. Simika kijiti mwanzoni, katikati kwenye mita 300, na mwishoni. Mpashe moto kwa dakika kumi za telki na dakika tatu za matiti. Mwondoe pamoja na punda mwingine mtulivu unayemjua kasi yake, kwa sababu punda peke yake hakuonyeshi chochote. Wengine hukataa kabisa kumwacha rafiki. Mtu mmoja apime muda katikati na mwingine mwishoni. Rudia baada ya siku tano au zaidi, maji yakiwa hali ileile. Majaribio mawili yakipishana zaidi ya sekunde sita, fanya la tatu.

Muda wa jumla ni nusu ya habari. Tuseme punda amechukua sekunde 88. Kama nusu ya kwanza ni 42 na ya pili 46, amekwenda kawaida. Kama ni 38 na 50, mpandaji amemchoma mwanzoni, kwa hiyo muda huo usiutumie. Kama ni 46 na 42, kuna mambo mawili: ama ni mvivu wa kuamka, ama alizuiwa kwa hatamu. Tofauti utaijua akimaliza. Aliyezuiwa huja na masikio mbele na pumzi tulivu, na mpandaji wake ana mikono iliyochoka. Wako wanaofanya hivyo makusudi mbele ya kamati.

Papo hapo mpime mwili. Punda mzima aliyepumzika ana mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28, na joto la mwili kati ya 36.5 na 37.8. Weka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Hesabu mara tu anaposimama, kisha tena baada ya dakika kumi na ishirini akiwa kivulini. Unachotafuta ni jinsi mapigo yanavyoshuka. Wawili wakimaliza kwa muda mmoja, yule ambaye moyo wake umerudi karibu na kawaida ndani ya dakika 20 ndiye mwenye akiba. Ambaye bado anahema kwa nguvu baada ya nusu saa asiingizwe mwaka huu. Wala usijipe moyo kwa kuvuta ngozi ya shingo uone kama inarudi. Kwa punda kipimo hicho si cha kutegemea. Tazama ufizi: uwe wa waridi na mbichi, na ukiubonyeza, rangi irudi ndani ya sekunde mbili.

Kupanga mbio zenye haki

Farasi wa uwanja wa Ngong, Nairobi, husawazishwa kwa uzito, aliye bora akibebeshwa zaidi. Kwa punda vijana hilo lisifanywe, kwa sababu ya mgongo tuliokwisha kuusema. Kinachobaki ni umbali, yaani wa polepole aanzie mbele.

Hesabu yake ni hii. Mbio ni mita 800. Punda wa kwanza amejaribiwa kwa sekunde 112, wa pili 118, wa tatu 126. Wa pili anapungukiwa sekunde 6, na mwendo wake ni 800 kwa 118, yaani mita 6.8 kwa sekunde. 6 mara 6.8 ni karibu mita 41. Wa tatu anapungukiwa sekunde 14 na mwendo wake ni mita 6.35, hiyo ni karibu mita 89.

Usiwape umbali wote huo. Wape nusu: mita 20 na mita 44. Sababu ni kwamba majaribio mawili hayatoshi kumjua mnyama, na punda kijana anaweza kupunguza sekunde tano kwa kujifunza kuondoka tu. Ukimpa zote, unamzawadia aliyeboreka juzi, na zaidi unamzawadia aliyefichwa kasi. Baada ya mbio tatu zilizorekodiwa, ongeza hadi robo tatu ya umbali huo.

Tena usizidishe mita 30 kati ya wa mbele kabisa na wa nyuma kabisa. Punda aliyewekwa mbele peke yake husimama kuwasubiri wenzake, au hugeuka kuwafuata, na akikutana nao uso kwa uso kuna watoto watakaoanguka. Pengo likizidi mita 30, kama la yule wa tatu hapo juu, gawa makundi mawili: wenye kasi wakimbie peke yao, na wanaojifunza peke yao. Makundi ya punda sita hadi wanane yanatosha. Marafiki wawili waanzie ubavu kwa ubavu. Dume na jike mwenye joto wasiwe kundi moja. Fimbo zenye ncha na misumari zizuiwe mstarini, na atakayekutwa nayo aondolewe palepale. Zaidi ya ukatili wake, punda anayekimbizwa kwa maumivu huenda pembeni na kuwaingilia wengine.

Siku yenyewe

Fika saa moja kabla. Mwangalie akitembezwa: masikio yanayozunguka kusikiliza huku na huku ni mazuri, yaliyoganda nyuma ni mabaya. Jasho shingoni kabla ya kazi yoyote ni hofu. Mavi ya majimaji ni hofu au chakula kilichobadilishwa. Kuna wanaomnyima chakula jana yake ili awe mwepesi. Punda aliyekatishwa chakula huanza kuyeyusha mafuta ya mwili yakajaa kwenye damu, na hilo huweza kumuua siku kadhaa baadaye watu wakiwa wameshasahau mbio. Ale majani yake kama kawaida hadi saa tatu kabla, maji asinyimwe.

Mtazame mpandaji pia. Kwa punda aliyekimbia mara moja, mpandaji aliyempanda angalau mara tano kabla ya siku hiyo ana faida kuliko bingwa anayekutana naye mstarini. Punda wawili wakilingana kwa kila kipimo, mchague mwenye mpandaji anayemjua.

Akimaliza, mpandaji ashuke mara moja na amtembeze dakika 15, asifungwe kamba akiwa amesimama juani. Mpe maji kidogo kidogo, mwagia miguu na shingo, kagua kwato kwa mawe. Kesho yake asubuhi mtoe matiti mita 20 kwenye sakafu ngumu kama ulivyofanya mwanzo. Akichechemea, akikataa chakula, au akisimama ameinamisha kichwa bila kujali, mpeleke siku hiyohiyo zahanati ya punda iliyo kando ya bahari, iliyofunguliwa mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary ya Uingereza. Kisha andika mbio yake kwenye daftari wakati watu bado wanakumbuka, kuanzia alivyoondoka hadi uzito wa aliyempanda.